Kidole cha Mwisho

Saa tatu usiku, tarehe 25 Juni 2023, jua lilikuwa bado halijazama Somerset. Kiangazi cha Uingereza ndivyo kilivyo. Elton John, miaka 76, suti ya dhahabu ya kuumiza macho, aliketi kwenye piano mbele ya umati uliofunika malisho ya tamasha la Glastonbury, na mapema tu akawaambia kwamba usiku ule ulikuwa mzito kwake, kwani huenda ukawa wa mwisho kwake kupiga Uingereza. Kwa hiyo, akasema, hana budi apige vizuri.

Hapo ndipo aliponipata. Mtu anaaga nchi yake, zaidi ya watu milioni 7 wanamtazama kwenye televisheni, na kinachomjia ni kazi: nisije nikaharibu. Seremala akikabidhi kitanda cha maharusi husema vivyo hivyo, huku akipitisha kiganja kwenye mbao kutafuta panapokwaruza.

Mimi nimepiga kinanda cha kwaya kwa miaka kumi na kitu, kwa kiwango cha kutofukuzwa. Rekodi ya usiku ule niliitazama kwenye simu, sahani ya kiporo mapajani, na nilichokodolea macho hasa ni mikono yake. Habari za miwani na manyoya wameshaziandika wengine.

Mikono ile ina shule mbili. Alipokuwa na miaka 11, wakati huo bado akiitwa Reginald Dwight wa Pinner, alipata ufadhili wa kusoma Jumamosi katika Royal Academy of Music, London, akafundishwa Bach na Chopin. Alipofika 15 akawa mpiga piano wa baa huko Northwood Hills. Shule ya kwanza inakufundisha kordi ipangwe vipi. Ya pili inakufundisha kwamba mlevi hana habari na kordi zako, anataka wimbo, na anautaka sasa hivi. Mpiga piano tena ana shida ambayo mpiga gitaa haijui. Hawezi kuzunguka jukwaani. Chombo chake kimemfunga pale, ubavu umeelekea watu, na lolote la kuwaeleza lazima lipitie vidoleni au shingoni anapogeuka.

Sikiliza jinsi “Your Song” inavyoanza. Mkono wa kulia unabadilisha kordi, moja, mbili, tatu, halafu unarudi ulikotoka. Mkono wa kushoto hauendi kokote. Kidole cha mwisho kimekaa juu ya nota ileile ya besi, kama mzee aliyekaa barazani huku watoto wanakimbizana uani. Wimbo mzima unapata utulivu wake hapo, kabla hajatamka neno. Mpigaji mwanagenzi, nami ni mmoja wao, akibadilisha kordi huhamisha na besi, kwa sababu kidole kinaona aibu kukaa bure wenzake wakifanya kazi.

Wimbo huo ulitoka mwaka 1970. Mwaka huohuo, Septemba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aitwaye Michael Eavis alifungua shamba lake la Worthy kwa tamasha la kwanza la Glastonbury. Kiingilio pauni 1, na maziwa ya bure juu yake. Ilichukua miaka 53 wimbo na shamba lile vikutane, maana Elton hakuwahi kupiga Glastonbury kabla ya usiku ule. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa ugenini kwanza, katika kiukumbi cha Troubadour, Los Angeles, Agosti ileile ya 1970, na hata ziara yake ya kuaga aliianzia Marekani, Septemba 2018.

Sasa sauti. Mwaka 1987 alifanyiwa upasuaji wa koo nchini Australia, na ile sauti nyembamba ya juu aliyokuwa akiirusha ujanani haikurudi tena. Waimbaji wengi wakifika hapo hudanganya: hupaza muziki ili ufunike ufa, au hung'ang'ania nota hadi mishipa ya shingo itutumke. Yeye aliijenga upya nyumba kulingana na mbao zilizobaki. Anaimba chini, kwa kifua, na maneno yanatafunwa zaidi kuliko zamani. Penye kilele ameshawaachia wengine: kwenye “Crocodile Rock”, ule mlio wa juu wa kiitikio unaimbwa na umati, naye anapiga tu, akiwatazama kama mwalimu wa kwaya aliyeshusha mikono. Kilichokuwa pengo kimegeuka kuwa zamu ya watu. Siku hizi nadhani hata angerudishiwa koo la ujana asingewanyang'anya.

Kwenye “Bennie and the Jets” nilicheka peke yangu. Ile sahani ya 1973 ina kelele za ukumbi, makofi na miluzi, lakini ilirekodiwa studio. Mtayarishaji Gus Dudgeon ndiye aliyepachika umati kutoka kanda nyingine. Nusu karne wimbo ule umetembea na washangiliaji wa kuazima. Glastonbury ulipata wake.

Watu walikuwa wamebashiri wageni wakubwa, Britney Spears na Dua Lipa. Hawakuja. Waliokuja ni Jacob Lusk na kwaya ya injili ya London, Rina Sawayama, Brandon Flowers, na kijana wa miaka 20, Stephen Sanchez. Kwa huyo wa mwisho nilisimamisha rekodi nikairudisha nyuma. Sanchez aliimba wimbo wake mwenyewe, “Until I Found You”, na mzee akampigia piano. Dakika kadhaa za usiku wake wa kuaga alizitoa zitumike kwa wimbo usio wake. Sisi kupiga chombo nyuma ya mwimbaji tunaita kusindikiza, neno lilelile la kumtoa mgeni hadi njiani. Kwa kawaida anayebaki ndiye humsindikiza anayeondoka. Pale aliyekuwa akiondoka ndiye aliyesindikiza.

Waliomsindikiza yeye si wa mwaka mmoja. Nigel Olsson, aliyeketi kwenye ngoma na glavu zake, alianza naye 1970. Davey Johnstone wa gitaa, 1971. Ukimpigia mtu kwa miaka mingi hivyo, unaijua pumzi yake kuliko anavyoijua daktari.

Kuna wimbo ambao Mswahili angeusubiri. Nyimbo za filamu ya The Lion King ya 1994 alizitunga Elton na Tim Rice, na mmoja wao ulilitawanya “hakuna matata” duniani kote, hadi Disney ikalisajili neno hilo Marekani kama alama yake ya biashara. (Dar utasikia zaidi “hamna shida”, ambalo bado ni mali ya kila mtu.) Usiku ule hakuuimba. Sikuona hasara. Fundi hujulikana pia kwa alichokiacha karakana.

“Don't Let the Sun Go Down on Me” alimtolea George Michael, ambaye siku hiyo angetimiza miaka 60. Giza lilikuwa limeshaingia. Akamaliza na “Rocket Man”, fataki zikapaa, akaondoka.

Hakuishia pale, bila shaka. Alipiga tena Stockholm tarehe 8 Julai, ndiyo ikawa tamati ya ziara ya maonyesho 330, na Machi 2025 akaketi tena jukwaani London pamoja na Brandi Carlile. Mwaka 1977 pia aliwahi kutangaza akiwa Wembley kwamba anaacha. Simlaumu. Nani asiyemjua mgeni aliyesema “haya, sisi tunakwenda”, akasimama mlangoni mpaka chai ikachemka upya?

Asubuhi baada ya kuitazama rekodi ile niliwahi kanisani kabla ya kwaya, nikafungua kinanda, nikaujaribu ule mwanzo wa “Your Song”. Kordi ya kwanza sawa. Ya pili, kidole cha mwisho kikahama. Nikakirudisha, nikaanza tena, kikahama. Mara ya tano nilikishikilia kwa mkono wa kulia, nikabaki nimekaa hivyo, nota moja inalia, hakuna mkono wa kupiga zilizobaki. Mama mmoja wa sauti ya pili akachungulia mlangoni akauliza kama kinanda kimeharibika.