Heko, Makanika wa Isiolo

Pikapu kuukuu ya otomatiki ikizimika njiani kutoka Kulamawe, betri ikiwa imekufa, hata msukume watu kumi haiwaki. Ya giya za mkono inahitaji wanaume wanne na mteremko kidogo. Na maziwa ya ngamia yaliyo kwenye madumu nyuma hayangoji gari la kuvuta litoke mjini.

Ndiyo maana nawapa heko mafundi wa jua kali wanaong'oa giaboksi ya otomatiki na kufunga ya mkono. Si kazi ya kutoa chuma na kurudisha chuma. Flaiwili nzito hufungwa kwenye krenki, kisha klachi. Kuna beringi ndogo, ya kutosha kiganjani, inayopachikwa kwenye ncha ya krenki. Fundi akiisahau, giaboksi italia kabla hujafika Archer's Post. Pedali ya klachi hutafutiwa nafasi, sakafu hutobolewa, propela hukatwa au huongezwa, maana giaboksi hizo mbili mara nyingi hazilingani urefu.

Halafu nyaya. Stata ya otomatiki haizunguki mpaka giya iwe P au N, na sasa P haipo tena. Hapa ndipo wababaishaji hukwama, na fundi wa kweli hujulikana.

Ukiamua kumpelekea gari lako, msomaji, mtafutie giaboksi, pedali na propela vya gari moja lililogongwa. Vya kuokoteza vitamla siku, wewe vikule pesa.