Jogoo wa Ukutani

Ukuta wa chumba nilicholelewa ulibandikwa magazeti kutoka chini mpaka darini. Huku kwetu Mlangali, wilayani Ludewa, baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, na karatasi iliyogandishwa kwa uji wa unga ilisaidia kuziba nyufa ambazo upepo ulipenda kupita. Lakini kwetu sisi watoto ukuta ule ulikuwa zaidi ya kinga ya baridi. Palikuwa na tangazo la sabuni, picha ya meli bandarini, golikipa aliyeruka hewani asidake kitu, nusu ya habari ya mtu aliyeumwa na mamba, na Chakubanga, yule kikaragosi wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, akiwa na visa vyake. Kurasa nyingine zilibandikwa kichwa chini miguu juu, nasi tukajifunza kusoma hivyo hivyo. Sidhani kama kuna jumba la makumbusho lililonifundisha mengi kuliko ukuta ule.

Siku hizi ukuta umehamia mfukoni. Katika simu yangu yamo makundi matatu: la ukoo, la tuliosoma pamoja, na la walimu wastaafu. Kila asubuhi nikipanda kilimani nyuma ya nyumba, ambako mtandao hupatikana bila kusumbua, hukuta picha zimenisubiri. Kiti kilichotengenezwa kwa gurudumu la baiskeli. Nyumba ya Ulaya iliyojengwa kichwa chini. Mbuzi juu ya pikipiki amevalishwa kofia ngumu. Kibonzo cha Masoud Kipanya, na yule panya wake akisema lile ambalo sisi watu wazima tumeliogopa. Hucheka peke yangu kilimani kama mwehu, kisha nachagua zilizo bora na kuwatumia wengine. Nakiri mbele yako, msomaji, kuwa mimi ni mmoja wa wasambazaji wakubwa wa picha katika kata hii. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya mtu aliyesimama nje ya nyumba akirusha mawe. Nimo ndani.

Nataka kuhakiki picha moja tu, halafu kwa kupitia hiyo nihakiki tabia yetu sote.

Hapa kijijini kuna kilabu cha ulanzi ambacho mwenyewe aliamua kukipendezesha. Alimwita kijana mmoja mchora mabango, akampa ukuta mzima na rangi za mafuta zilizobaki baada ya kupaka milango: bluu na kahawia, basi. Kijana akachora jogoo. Amevaa koti refu zito la mitumba na kofia ya sufu iliyofunika upanga wake wote, bawa moja limezama mfukoni. Jicho lake halimtazami anayepita njiani. Linatazama mlima wa mashariki kwa kero, kama abiria anayesubiri basi lililochelewa. Chini yake yapo maneno: KUWIKA MPAKA JUA LITOKE. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la mchoraji na neno Mlangali.

Naomba nieleze kwa nini nasema hiyo ni kazi nzuri, maana kusema "inachekesha" peke yake si uhakiki. Kwanza, rangi mbili zilizobaki hazikumshinda, bali alizitumikisha: bluu ni alfajiri, kahawia ni koti na udongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari. Uhaba ukawa mtindo. Pili, kichekesho chenyewe ni cha watu wa hapa. Mtu aliyewahi kutoka kitandani saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai huku Ludewa anajua kuwa jogoo yule si mvivu. Jogoo yule ana haki. Anasema kwa niaba ya mwanafunzi anayetembea pekupeku kwenye umande, kwa niaba ya mama anayewasha moto kwa kuni mbichi. Tunamcheka kwa sababu ni sisi. Tatu, lile bawa mfukoni. Kuku hana mkono, lakini kila anayeitazama picha hujisikia vidole vikipata joto. Hilo hufundishwi na mtu. Hilo ni jicho la msanii.

Sasa nieleze kosa langu. Siku ileile rangi haijakauka, nilipiga picha kwa simu. Jina la mchoraji lilikuwa pembeni, karibu na mahali ambapo mtu alikuwa ameegemeza baiskeli na ndoo ya kuoshea vikombe. Nikaona baiskeli na ndoo vinaharibu picha. Nikakata. Baiskeli ikaenda, ndoo ikaenda, na jina likaenda. Nikaituma kwenye makundi yote matatu bila neno hata moja, isipokuwa vile vikatuni vya kulia kwa kicheko.

Baada ya wiki kadhaa jogoo alirudi nyumbani. Nilitumiwa na mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye hakujua kuwa mimi ndiye niliyemtoa zizini. Juu ya picha palikuwa pameongezwa maneno: mfanyakazi siku ya Jumatatu. Pembeni, palepale nilipokata, palikuwa pamegongwa jina la mtu nisiyemjua. Watu walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wanacheka kitu kingine. Jogoo mwenye haki alikuwa amegeuzwa jogoo mvivu. Baridi yetu ilikuwa imeondolewa, na koti bila baridi ni kichekesho cha mtu goigoi tu. Nilisikitika, lakini nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mambo ya mtandao ndivyo yalivyo.

Kilichonivunja ni kijana mwenyewe. Alikuwa amekwenda Makambako kununua brashi, na pale stendi akaona fulana zimetundikwa, na kifuani pa fulana moja akamwona jogoo wake. Aliuliza bei, akaambiwa shilingi elfu kumi. Kwa kuchora ukuta mzima yeye alikuwa amelipwa elfu kumi na tano na chakula cha mchana. Aliporudi alipita kwangu jioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Habari za Makambako?"

"Nzuri. Nimemkuta jogoo kule." Akanyamaza kidogo, akitazama chini. "Mwalimu, ile picha ulipiga wewe. Jina langu liliingia wapi?"

Hakusema kwa hasira. Angefoka ningejitetea. Nilimfundisha darasa la tatu. Nilimfundisha kuandika jina hilohilo, tena nilimchapa kiboko alipokosea herufi moja. Na mimi ndiye niliyelifuta.

Tangu jioni ile nimekuwa nikizitazama picha zinazonifikia kwa jicho jingine, na nimeona kwamba nyingi zimeshapitiwa na mkasi kama wangu. Nilitumiwa picha ya chungu kizuri chenye tumbo la duara na michoro ya rangi nyeupe na nyekundu ya udongo, na maelezo kwamba ni sanaa ya kale ya Afrika Magharibi. Nilicheka kwa uchungu. Chungu cha namna hiyo hasa ndicho tunachopikia maharage! Vinafinyangwa na wanawake wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa mikono, bila gurudumu la mfinyanzi, na hupandishwa milimani kuja kuuzwa kwetu. Mama wa Kikisi aliyekifinyanga yuko hai, pengine na leo yuko sokoni, na dunia inamvulia kofia mtu mwingine wa karne nyingine.

Wapo watakaosema kuwa nakuza mambo. Watasema picha za kuchekesha ni kama vichekesho vya kilabuni: nani aliwahi kuuliza mwenye kichekesho? Hoja hii ina uzito, na siidharau. Hata gazeti la Sani, pamoja na kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Pimbi, lilipitishwa mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika, na wengi wetu tuliwapenda wahusika bila kumjua mchoraji. Lakini tazama tofauti. Gazeti lililochanika halikupewa jalada jingine lenye jina la mtu mwingine. Na kichekesho cha kilabuni husimuliwa na mtu unayemwona usoni. Ukimwuliza alikitoa wapi, atakujibu.

Wengine watasema kuwa kutokuwa na jina ni kinga. Hapo natia breki, kwa sababu ni kweli. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wapo watu waliofikishwa mahakamani kwa maneno na picha walizosambaza, na mchoraji wa kibonzo chenye pilipili anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutosaini. Mwenye kazi akichagua kujificha, tumfichie. Lakini kujificha ni hiari ya mtu mwenyewe. Kumficha mtu aliyeandika jina lake kwa herufi nzuri ukutani, mchana kweupe, ni jambo jingine kabisa.

Tena si kweli kwamba utamaduni wetu wa kupeana vitu vizuri haukujua majina. Itazame kanga. Hakuna kitu cha sanaa kilichosambazwa mno katika Afrika Mashariki kama kanga: imefika kila nyumba, imebeba watoto, imefunika maiti, imefikisha ujumbe kwa jirani bila kufungua mdomo. Hata hivyo, chukua kanga ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza biashara 1887, usome ukingoni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Kanga inachakaa, inakuwa tambara la jikoni, na bado inasema ni mali ya nani. Ningependa pia lingeandikwa jina la aliyebuni ua la katikati. Hilo ni pungufu lake. Lakini alama ya nyumba ilikotoka haikuizuia kanga kusambaa hata kwa inchi moja.

Na mfano wa Tingatinga unafundisha upande wa pili. Alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini jina lake halikufa. Ndugu na wanafunzi wake waliliendeleza, na chama chao cha ushirika kiliandikishwa 1990. Leo "tingatinga" ni jina la mtindo mzima. Hata hivyo mgeni akinunua picha ya chui hukisifu kile "kitingatinga" na mara nyingi hasomi jina lililoandikwa kwenye kona. Jina moja kubwa limekuwa mwavuli, na wengi wamesimama chini yake wasionekane. Kwa hiyo haitoshi kusema "ni sanaa ya Kitanzania" au "ni mambo ya Njombe." Yuko mtu.

Kwa maoni yangu, basi, anayekusanya na kugawa picha ni mhakiki, apende asipende. Kuchagua ni kuhukumu. Nami nimejiwekea maswali matatu kabla ya kubonyeza: Nani amefanya? Wapi? Na kwa nini nataka fulani aione? Nisipopata jibu la kwanza na la pili, nasema wazi kuwa sijui, ili anayejua aseme. Nikikosa jibu la tatu, naiacha. Tangu nianze utaratibu huu natuma picha chache mno, na katika kundi la wastaafu wameanza kuniuliza kama ninaumwa.

Sheria ipo pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Nilimweleza kijana habari hiyo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza nauli ya kwenda kumfuatilia mwenye fulana nani ataitoa. Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kurudi kilabuni, kuondoa baiskeli na ndoo kwa mikono yangu, kupiga picha upya, nzima, na kuituma kote pamoja na jina lake na maelezo ya baridi yetu. Walionijibu walikuwa wanne. Mmoja alisema hii ya zamani, tumeshaiona.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe. Sisi hatukumwua mtu. Tulimpenda, tukacheka, tukapenda na wenzetu wacheke. Hilo ndilo linalonisumbua. Mwizi tunamjua na tunamfungia mlango. Aliyempokonya kijana jina lake ni mpenzi wa sanaa, mwalimu wake, aliyeona kuwa picha itapendeza zaidi ikikatwa.

Mwaka huu kijana amechora jogoo mwingine, kwenye ukuta wa kinyozi. Nilipokwenda kumtazama, sikuliona jina pembeni wala chini. Nikasogea. Lilikuwa kwenye vifungo vya koti, herufi moja kwa kila kifungo, kutoka shingoni mpaka magotini. Akaniambia, "Sasa mwalimu, atakayekata jina amkate na jogoo." Tulicheka wote wawili. Ni akili nzuri sana, na picha imezidi uzuri kwa ajili yake. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilikumbuka kuwa vifungo vile amevishona kujikinga na mtu kama mimi.