Si ufunguo, ni kidahizo

Wanaoandika kuhusu hifadhidata kwa Kiswahili aghalabu hututupia istilahi ‘ufunguo wa safu’. Sina raha nayo hata kidogo.

Kwanza, safu ipi? Kuna programu zilizotafsiriwa zinazotofautisha safumlalo na safuwima, na hilo ni jema. Ukisema safu tu, msomaji hajui kama unalala au unasimama. Katika hifadhidata zinazoweka data kwa makundi ya safuwima, utata huo unavuruga somo zima.

Lakini neno linalonikera zaidi ni ‘ufunguo’. Ufunguo hufungua, basi. Mlango ukishafunguka, haidhuru umeutundika wapi. Sasa tazama Bigtable, mfumo ambao wahandisi wa Google waliueleza katika makala yao ya 2006. Humo kila safumlalo ina jina lake, na safumlalo zote hupangwa kwa mfuatano wa herufi za majina hayo. Jina ndilo huamua nani akae jirani na nani. Ndiyo maana, katika mfano wao wa kurasa za wavuti, anwani imegeuzwa: www.cnn.com imekuwa com.cnn.www, ili kurasa za tovuti moja zikae pamoja na zisomwe kwa mkupuo.

Jamani, hii si kazi ya kamusi? Mtunga kamusi huikata ‘ku-’ ya kusoma, akaliweka ‘soma’ kwenye S. Angeiacha, vitenzi vyote vingerundikana kwenye K. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ilikwenda mbali zaidi, ikaweka nomino nyingi chini ya vitenzi zilikotoka. Hayo ni maamuzi ya ujirani, yaleyale ya Bigtable.

Na ukikosea, utalipa. Anza jina la safumlalo kwa saa ya tukio, na kila data mpya itaangukia mwisho wa orodha: mashine moja inatoka jasho, nyingine zinapiga gumzo. Mwanafunzi aliyefunzwa ‘ufunguo’ ataionaje hatari hiyo? Neno lenyewe halimdokezei mpangilio wowote.

Nitaambiwa kwamba Waingereza nao husema ufunguo. Wacha waseme. Wanaleksikografia wetu wamekuwa na istilahi faafu siku nyingi, tena inayobeba dhana ya mpangilio. Napendekeza safumlalo ya aina hii iitwe kitomeo, na jina lake kidahizo. Safuwima zibaki zilivyo. Sina ugomvi nazo.