Korogwe Mbili: Juu ya Majina ya Vituo na Ramani za Njia

Mtu atokaye Mlalo kwenda Dar es Salaam huweza kukutana na Korogwe mara mbili katika safari moja. Ya kwanza ni ile aijuayo tangu utoto, mji wa bondeni ambao basi huufikia baada ya kuteremka Soni na kuiacha Mombo nyuma. Ya pili ni kituo cha mabasi yaendayo haraka, pale Kimara, ndani ya jiji. Mwenyeji wa jiji hatatizwi na jambo hili, maana yeye husema "Kimara Korogwe" na mambo yakaisha. Lakini katika orodha ya vituo imeandikwa Korogwe tu. Neno moja limeachwa, na pamoja nalo umeachwa ustadi ambao umma ulikwisha kuutumia ili kuzitenganisha Korogwe hizi mbili.

Tumeanza na mfano huu mdogo kwa sababu upangaji wa vituo na uchoraji wa ramani zake aghalabu huachiwa wahandisi, nasi twaona kwamba ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawasawa na ngoma au methali. Kuna maswali mawili ya kuulizwa: ni nani mwenye haki ya kukipa kituo jina, na ramani ya njia huchorwa kwa ajili ya nani?

Milima ya Usambara inayo historia ya kutufunza. Wajerumani walipoitawala, waliipa nchi majina kana kwamba haikuwa nayo. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, na misheni iliyofunguliwa Mlalo mwaka 1891 ikaitwa Hohenfriedeberg. Leo majina hayo hupatikana katika vitabu vya historia. Ulimi wa Msambaa haukuyapokea. Ajabu ni kwamba wakoloni haohao, walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, waliziacha stesheni kubwa na majina ya wenyeji: Muheza, Korogwe iliyofikiwa mwaka 1902, kisha Mombo. Hatudhani kuwa walifanya hivyo kwa mapenzi. Makao ya serikali yaweza kuitwa jina lolote alitakalo mtawala, lakini stesheni ni kitu cha kuulizwa njiani. Mpagazi, mkulima na mchuuzi ni lazima waweze kulitamka jina lake, la sivyo hawafiki.

Hata hivyo reli nayo ilikuwa na nguvu zake. Ilipofunguliwa hadi Moshi mwaka 1912, stesheni iliitwa kwa Kijerumani Moshi Mpya, kwa kuwa Moshi yenyewe ilikuwa juu mlimani. Siku hizi mji wa reli ndio uitwao Moshi, na ile ya asili imebaki kuitwa Old Moshi, tena kwa Kiingereza! Stesheni iliunyang'anya mlima jina lake.

Yafaa tukumbuke kwamba watu wetu walikuwa na ramani za njia kabla ya karatasi. Mwanafunzi aliyesoma Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, atakumbuka safari ya Mbegha kutoka Ngulu hadi Kilindi, na hatimaye Bumbuli na Vuga. Msomaji haambiwi kila hatua ina urefu gani wala njia ilipinda wapi. Hupewa mahali baada ya mahali, kwa taratibu yake, na jambo lililotokea hapo. Hivyo ndivyo mzee wa Mlalo amwelekezavyo mgeni hata sasa: utapita hapa, kisha pale, ukiona kitu fulani umefika.

Sasa tazama ramani ya reli za chini ya ardhi za London, iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck alikuwa mchoraji wa mitambo. Aliinyosha mistari, akaupuuza umbali wa kweli, akabakiza mfuatano wa vituo na mahali njia zinapokutana. Dunia nzima ilimwiga. Sisi hatuoni ajabu kubwa katika uvumbuzi huo, maana kwa namna yake ni simulizi ya safari iliyowekwa katika picha. Lakini upo mzigo ambao wanaoiga huusahau. Ukiondoa umbali, mto, kilima na kona, kitu pekee kinachobaki mkononi mwa abiria ni jina. Jina likiwa baya katika ramani ya namna hiyo, hakuna kingine cha kumwokoa.

Kwa bahati njema, njia iliyoanza kubeba abiria jijini Mei 2016, kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ilirithi majina mengi yaliyotungwa na wapandaji na makondakta wa daladala. Hii ni fasihi simulizi ya mjini, na kwa maoni yetu haijatendewa haki na wahakiki. Mkwajuni na Mwembechai zinataja miti. Kivukoni inataja kazi ya mahali. Bucha na Kona hazina makuu yoyote, na ndiyo sifa yake. Urafiki inahifadhi habari za kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, hata kama abiria kijana hajui kitenge chake kilivyokuwa. Kimara Mwisho inakumbuka siku ambazo daladala ziligeuzia pale, ingawa Barabara ya Morogoro haiishii hapo. Jangwani ni jina la mahali pakavu, nalo limekaa katika bonde la Msimbazi ambalo hufurika hata mabasi yakashindwa kupita. Mzaha huo haukukusudiwa na mtu, lakini abiria wa masika anauelewa.

Palipo na kasoro ni pale ambapo meza ya ofisi imesema badala ya mdomo wa watu. Kwa nini tuandike City Council, na halmashauri ya jiji tunalo neno lake? Kwa nini Fire, ilhali umma umekwisha kuliswahilisha kuwa Faya? Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi darasani hana la kumjibu akionyeshwa ubao wa serikali.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021, kilipewa jina la Magufuli. Reli ya kisasa ilipozinduliwa rasmi Agosti 2024, stesheni yake ya Dar es Salaam nayo ikapewa jina la Magufuli, na ya Dodoma ikapewa la Samia Suluhu Hassan. Hatusemi kwamba viongozi wasikumbukwe. Twasema kwamba jina la kituo lina kazi moja kabla ya heshima, nayo ni kumfikisha mtu. Kijana akimpigia simu mama yake aliyeko Mlalo na kumwambia, "Nitakupokea Magufuli," mama huyo aende wapi, Mbezi au katikati ya jiji? Heshima inayompoteza mama mzima barabarani haimjengi yule aliyeheshimiwa.

Mexico ilipofungua reli yake ya mjini mwaka 1969, kila kituo kilipewa jina na picha, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman, kwa kuwa abiria wengi hawakujua kusoma. Kituo cha Chapultepec kina picha ya panzi, maana katika lugha ya wenyeji jina hilo ni kilima cha panzi. Picha inalifafanua jina la kale badala ya kulifuta. Daladala zetu zilikuwa na hekima iliyo karibu na hiyo, kila njia na mstari wake wa rangi ubavuni. Ni shida gani kuchora ukwaju pale Mkwajuni, pantoni pale Kivukoni, mwembe na kikombe cha chai pale Mwembechai? Na orodha ya majina, kabla haijapigwa chapa, ipelekwe kwa Baraza la Kiswahili la Taifa na isomwe kwa sauti mbele ya makondakta.

Shule za Lushoto zaweza kuanza bila kungoja jiji. Juu ya Magamba, upande wa kwenda Mlalo, kipo kijiji kiitwacho Malindi, na wengi waliolisikia jina hilo hudhani ni la pwani ya Kenya tu. Wanafunzi wakaandike kila jina ambalo kondakta hulitaja kutoka Lushoto hadi Mlalo, pamoja na yale ya vituo visivyo na ubao, wawaulize wazee sababu ya kila moja, na kwa Malindi waandike watu wenyewe huongeza neno gani wanapotaka kuitofautisha na ile ya pwani.