Ratiba au Zamu? Uhakiki wa Istilahi ya Kipangaji cha Diski kwa Watumiaji wa Gitega na Muyinga

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Juhudi za namna hiyo zimewahudumia watumiaji wa menyu na vitufe. Msamiati wa kiini cha mfumo endeshi umebaki nyuma. Makala hii inahakiki istilahi moja, "kipangaratiba" cha diski, tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza "scheduler", na kudai kwamba inapotosha uamuzi wa fundi.

Ratiba hufunga tukio na saa. Katika Linux, maana hiyo ilikifaa CFQ, kilichogawia kila mchakato kipande cha muda, lakini kiliondolewa katika toleo la 5.0 mwaka 2019. BFQ hugawa bajeti ya sekta, si muda. Mq-deadline hupanga maombi kwa nafasi zake diskini. Saa ni kinga tu, yaani kwa kawaida nusu sekunde kwa usomaji na sekunde 5 kwa uandishi. Chaguo la "none" halipangi upya chochote.

Fundi wa Gitega au Muyinga aliyesomea kwa Kifaransa analijua neno "ordonnanceur", ambalo mzizi wake ni mpangilio. Akivuka Kobero kuingia Tanzania, anakabidhiwa neno linaloashiria saa. Athari yake si ya kinadharia. Akichukua "none" kuwa ni kukosa ratiba tu, anaweza kuliacha kwenye diski inayozunguka, ambako kichwa cha kusomea hutangatanga na karani husubiri faili wakati nakala rudufu ikiandikwa. Kwenye diski ya NVMe, isiyo na kichwa, chaguo hilohilo mara nyingi ndilo bora.

Huenda ikajibiwa kwamba "ratiba" imezoeleka. Mazoea ni hoja nzito, ila hayatoshi pale neno linapoficha utendaji. "Kipangazamu" kinafaa zaidi: zamu hubeba mpangilio na haki ya kila mwombaji, na haiikatai saa.

Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haina budi kupima istilahi za kompyuta kwa mizizi yote miwili kabla ya kuzisanifisha. Istilahi iliyopimwa kwa Kiingereza pekee humfikia Mrundi ikiwa na kasoro.