Tausi wa Mbingu ya Kusini
Ramani ya 49 ya Uranometria, kitabu alichokitoa Johann Bayer mjini Augsburg mwaka 1603, ina tausi, kinyonga na samaki arukaye: makundi 12 ya nyota za kusini. Zilipimwa na mabaharia wa Kiholanzi, Keyser na de Houtman, katika safari iliyotia nanga Bukini mwaka 1595. De Houtman naye, mwaka huo wa 1603, alitoa kamusi ya Kimalei na Kimalagasi, orodha ya nyota ikiambatishwa humo. Ajabu! Maneno ya wenyeji yaliokotwa. Mbingu yao ikajazwa ndege na nyuki. Michoro inapendeza, lakini ni jicho la mpita njia. Aliye uani Tabata, umeme ukikatika, huziona nyota zile zile za tausi. Kusini akikutafuta, anayo Suheli, jina la Kiarabu lililokuja kwa jahazi likalowea.