Swali la Tano

Shairi tunalipima mizani, tamthilia tunaisoma mpaka maelekezo ya jukwaani, riwaya tunaichimbua hadi majina ya wahusika yaseme kitu. Hojaji hatuigusi. Ikishachapwa na visanduku vyake na tarakimu zake pembeni, tunaichukulia kama rula au ratili ya dukani, chombo cha kupimia kisicho na lugha yake. Nimeshikishwa karatasi hizo mara kadhaa wilayani Rungwe, nikiwa mfasiri na mjazaji, na siku moja katika kata ya Ikuti nikaacha kuamini habari hiyo ya rula. Hojaji ni utungo. Ina nafsi inayosema, ina vitenzi, na ina mambo inayoyanyamazia.

Utungo ninaotaka kuusoma una sentensi tano tu. Ni Kipimo cha Dini cha Chuo Kikuu cha Duke, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997 na Harold Koenig na wenzake wawili. Ufupi wake ndio uliokipa umaarufu: unaweza kukichomeka katikati ya hojaji ndefu ya afya, baada ya maswali ya presha, usingizi na mgongo, kabla ya maswali ya kipato, na mhojiwa asichoke. Sentensi ya kwanza inauliza unahudhuria mara ngapi kanisani au kwenye mikutano mingine ya dini. Ya pili inauliza habari ya sala na usomaji wa faragha. Tatu za mwisho zinaingia moyoni: kama unamhisi Mungu maishani mwako, kama imani ndiyo msingi wa namna unavyoishi, na kama unajitahidi kuichukua dini yako hadi kwenye shughuli zako nyingine zote. Mbili za kwanza hujibiwa kwa idadi ya mara, tatu za mwisho kwa ngazi tano, kuanzia si kweli kabisa hadi ni kweli kabisa, na katikati kuna sina hakika.

Sentensi ya kwanza ina dari. Jibu la juu kuliko yote ni zaidi ya mara moja kwa wiki. Sasa chukua mwanakwaya wa Kimoravian wa huku kwetu: Jumapili yumo, siku za mazoezi yumo, ibada ya nyumbani kwa jirani yumo, na msiba ukitokea, ambao huku hauna haraka ya kwisha, yumo tena. Mwenzake anakwenda mara mbili basi. Wote wawili wanapata alama sita. Upande wa pili, Mwislamu mwanamke asiyewajibika kwenda Ijumaa msikitini, anayeswali swala tano nyumbani kwake bila kukosa, anashuka chini ya mwanamume anayepita msikitini mara moja kwa wiki na kurudi kijiweni. Haki itamfikia kwenye sentensi ya pili, ile ya faragha, lakini hapo nako pana neno la kukwaza. Faragha kwa Kiswahili ina harufu ya siri. Mama anayesali jikoni, moshi umejaa, watoto wanne wanamsikiliza na mmoja anaitikia amina kabla ya wakati, anasali faragha au hadharani?

Hayo ni madogo, mfasiri makini atayazungukia. Langu ni sentensi ya tano.

Kitenzi chake cha Kiingereza kina picha ya kuchukua kitu mahali fulani na kuvuka nacho kwenda kwingine. Nilianza na kuibeba. Rungwe kubeba ni kazi ya mwili: mkungu wa ndizi kichwani, ndoo, mtoto mgongoni. Dini ikibebwa inakuwa mzigo, na mzigo hutuliwa. Nikajaribu kuihamishia, ikasikika kama pesa za kwenye simu. Kuitumia ikawa mbaya zaidi, maana anayeitumia dini kazini ni mjanja. Nikaishia kwenye kuiingiza, na hapo ndipo nilipogutuka. Kuingiza dini kwenye shughuli nyingine, kwa sikio la Mtanzania, ni lawama. Tumefundishwa tangu enzi za Mwalimu kwamba udini ni kosa, limekaa benchi moja na ukabila. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaiacha imani kuwa hiari ya mtu binafsi na kuuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu wa shule ya serikali, mzee wa kanisa, mtu anayefunga na kusali, akiulizwa kama anajitahidi kuingiza dini kwenye shughuli zake zote, atajibu si kweli kabisa. Atajibu hivyo kwa uadilifu, na kwenye jedwali la mtafiti uadilifu wake utahesabiwa kuwa upungufu wa dini. Muuguzi wa hospitali ya misheni, kwa upande wake, atalisikia swali hilohilo kama sharti la ajira na kutia alama ya tano bila kuinua kichwa.

Hata jina la kitu kinachopimwa lina kasoro hiyohiyo. Kiingereza kina neno tulivu la kutajia kiasi cha dini alichonacho mtu. Kiswahili, kwa kanuni zake za kuunda nomino, kingetoa neno moja tu, nalo ni udini. Limeshachukuliwa. Mtafiti anayetaka kuandika kwa Kiswahili kwamba udini unapunguza msongo wa mawazo kazini ameandika sentensi ya kumpeleka polisi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kitenzi hiki hakikuzuka peke yake. Fani nzima ya kukuza afya makazini ina ramani yake ya mahali. Mkataba wa Ottawa wa Novemba 1986, ambao wana afya ya jamii huurejea kama wengine wanavyorejea Zaburi, unasema afya hutengenezwa katika mazingira ya kila siku ya watu, na kuyataja mazingira hayo kwa vitenzi vinne: kujifunza, kufanya kazi, kucheza na kupenda. Ni sentensi iliyopangwa vizuri, inapanda kutoka kwenye wajibu hadi kwenye moyo. Kusali hakumo. Azimio la Luxembourg la 1997, mwaka uleule wa kipimo cha Duke, likaichukua sehemu ya kazi na kuikabidhi kwa wahusika watatu: waajiri, waajiriwa na jamii. Kwa hiyo mtafiti anapofika Ikuti na hojaji, tayari ana mahali pa kazi upande huu na dini upande ule, na anahitaji kitenzi cha kuvusha. Lile swali la tano ni kivuko. Linamdai mhojiwa aukubali mto kwanza.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson alifika nchi hii bila mto huo, au tuseme aliuacha njiani. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki 1944, na Monica akabaki na madaftari ya wawili, akayatolea vitabu mpaka 1977. Cha kwanza kilitoka 1951 kwa jina la Good Company, na kinalijadili kwa kina neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula pamoja na kuongea. Mtu wa hojaji angeliweka chini ya burudani. Katika vitabu hivyo ndimo lilimo pia suala la pumzi ya watu: jirani wakinung'unika kwa haki juu ya mtu aliyekosa, ubaridi humwingia mwilini akaugua, na dawa yake ni kukiri kosa na kuwalisha waliokasirika. Ukitaka kuichambua kwa istilahi za leo, hapo kuna afya, kuna dini, kuna mahusiano kazini, maana waliokasirika ni walewale unaolima nao. Wilson hakuzitenga. Umbo la maandishi yake lilimruhusu: aliwaacha watu waseme kwa aya nzima, na mtu akipewa aya nzima hujipangia mwenyewe kipi kiko jirani na kipi. (Sisemi kwamba umbo lake halina hila. Ile njeo ya sasa ya wanaanthropolojia, Wanyakyusa hufanya hivi, Wanyakyusa huamini vile, imewagandisha babu zetu kama picha ya studio.)

Kuna umbo jingine ambalo hakuna mtafiti anayelitia kwenye jedwali, nalo lipo kila asubuhi. Wamoravian wako kwenye miteremko ya mlima Rungwe tangu 1891, na desturi yao ya neno la siku ni kongwe zaidi: ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, ikaanza kuchapwa kitabu 1731. Aya ya Agano la Kale hupigiwa kura, ikachaguliwa ya Agano Jipya ya kuambatana nayo, kisha sala au ubeti wa wimbo. Msomaji hachagui. Anakuta neno limeshapangwa kwa tarehe hiyo, kama zamu. Katika taasisi za kanisa siku ya kazi hufunguliwa na ibada fupi, na mpangilio wake naujua kwa kukaa viti vya nyuma: wimbo, neno, sala, matangazo. Sikiliza matangazo. Nani kalazwa. Nani kafiwa na michango ikusanywe na nani. Chanjo ni lini. Gari la maji taka litaingia, msiegeshe pikipiki pale. Sauti inayosoma ni ileile iliyosoma Isaya, haibadiliki hata kwa nukta, na baada ya amina ya mwisho watu wawili wanapanga kwenda wodini kumwona mwenzao saa ya chai. Hakuna aliyeingiza dini kazini, wala hakuna aliyetoka kazini kwenda kwenye dini.

Nisiipambe sana. Umbo hilohilo linaweza kuumiza. Jina la mgonjwa likitajwa mbele ya wenzake arobaini, na ugonjwa wake ukakisiwa kabla ya sala kwisha, mtu huyo amevuliwa nguo. Nchi yetu ilihitaji sheria, ile ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, kulinda siri ya aliyepimwa. Hapo hojaji inaishinda ibada kwa mbali. Juu ya karatasi yangu palikuwa na namba, hapakuwa na mahali pa jina, na sijaona shairi lenye adabu kuliko nafasi ile iliyoachwa tupu.

Siku ya Ikuti mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri. Tulikaa kibarazani, mwenyeji wangu akichambua maharage kwenye ungo, mimi karatasi nimeifunika kwa mfuko wa nailoni. Shikamoo ilikwishapita, na mugonile, na habari za ng'ombe. Kwenye mahali pa kazi aliniangalia, akaangalia migomba, akaangalia banda, akasema niandike popote. Mwajiri: akacheka. Kichwani mwangu Azimio la Luxembourg likapungukiwa wahusika, maana mwajiri na mwajiriwa walikuwa wakichambua maharage kwenye ungo mmoja. Maswali manne ya dini yakaenda vizuri. Nikafika la tano. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kile kitenzi, hata maelezo ya kukifafanulia nilikuwa nayo.

"Mama, je, unajitahidi kuiingiza dini yako katika shughuli zako nyingine zote?"

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa kwenye tope.

"Shughuli nyingine zipi, mwanangu?"

Kitenzi kilimpita bila kumgusa. Yeye alishika nyingine, kivumishi ambacho sikuwahi kukitilia shaka, ambacho katika rasimu zangu zote nne hakikuwahi kubadilika. Nilipojaribu kumtajia mifano, kukamua, kuuza ndizi, kwenda kikundini, alinisikiliza kwa upole kama mtu anayesubiri swali lenyewe lifike. Mwisho nilizungushia 3, sina hakika, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina. Kisha nikageuza ukurasa, tukaingia sehemu ya kipato.